Chora lumbesa kwanza, visa baadae

(Niliyosema kwa waliomaliza kidato cha sita wanaotaka kusoma dizaini nje ya nchi, na wazazi wao, Mbeya mjini. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni.)

Shikamooni wazazi wangu. Mugonile. Vijana, mambo vipi, naona mmekuja na madaftari muandike majina ya skolashipu, sawa, nitayataja, ila mwishoni na mbio mbio, kwasababu skolashipu sio shida yenu. Shida yenu ni potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako unaopeleka chuoni ukiomba nafasi. Nimelisema hili Iringa, nimelisema Njombe, hapa Mbeya nimelisema mpaka mshereheshaji anajua ni wapi nitakasirika, na bado juzi tu kijana kaniletea kazi zake kwenye flashi, nafungua nakuta nini? Logo ya kampuni ya viatu ya Marekani kaichora upya. Logo ya kampuni ya soda kaichora upya. Afu posta ya mgahawa ambao haupo, na kikombe cha kahawa cha karatasi chenye mfuniko, kile cha kutembea nacho barabarani, yaani mtoto wa Mbozi, nyumbani kwao kahawa ipo shambani, anachora kikombe alichokiona Pinterest! Namuuliza nani alikuomba hii logo, ananiambia hakuna. Ilikuwa na shida gani ile ya kwanza? Kimya. Sasa kimya hicho ndicho atakachoenda kukaa nacho mbele ya watu wa usaili.

Sikilizeni. Chuo cha dizaini hakikuiti uoneshe kwamba unajua programu ya kompyuta, hiyo wanakufundisha wiki mbili za mwanzo au unajifunza mwenyewe YouTube. Wanataka kuona unavyofikiri. Wanataka michoro michafu, karatasi zilizofutwafutwa, jaribio la kwanza lilipokataa na ulivyofanya baada ya hapo. Nyie mnawapelekea kitu cha mwisho kinang'aa, kimeoshwa, hakina historia.

Sasa niwape habari ya yule binti, wanaonijua wameshaisikia, vumilieni.

Huyu binti nyumbani kwao wanalima viazi kule Uporoto, ukitoka Uyole unaelekea Tukuyu, pale Isyonje penye baridi. Alikuja kwangu analia hana laptopu, hana programu, hana chochote, wenzake wana logo yeye hana hata logo. Nikamuuliza nyumbani kwenu kitu gani kinawaudhi kila mwaka. Akajibu bila kufikiri: lumbesa. Nikamwambia basi nenda kachore lumbesa. Akaniona kama nimechanganyikiwa.

Lumbesa siwaelezi, mnaijua kuliko mimi. Kwa watoto wa mjini kidogo tu: gunia linajazwa, linapita mdomo, linaongezwa kichwa juu, linashonwa kwa kamba na shazia, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanakataza miaka nenda rudi, mwisho kilo 100, na msimu ukifika lumbesa hiyo hapo barabarani. Binti akanunua kaunta buku na penseli. Akakaa pale wanapopakia, anachora. Kachora gunia tupu, kachora gunia nusu, kachora mkono wa anayeshona, shazia inaingilia wapi na kamba inavutwa upande gani. Kaazima tepu ya fundi cherehani kapima urefu wa gunia kabla na baada. Kachora kuli anavyoinama kupokea mzigo, magoti yake, shingo yake, wenzake wawili wanaomtwisha. Kurasa na kurasa. Na pembeni anaandika wanachosema, na matusi humo humo.

Hapo ndipo akagundua kitu ambacho baba yake mwenyewe hakuwahi kumwambia, kwamba tajiri anayenunua hajazi gunia kwasababu ya roho mbaya peke yake. Ushuru unahesabiwa kwa gunia. Kupakia kunahesabiwa kwa gunia. Kwahiyo ukiwa na magunia machache makubwa umelipa kidogo njia nzima mpaka Dar. Unaona? Shida sio gunia, shida ni namna ya kuhesabu. Mtoto wa kidato cha sita huyo, na kaunta buku.

Akajaribu kutengeneza. Kwanza gunia lenye mstari mwekundu, ukifika hapo acha. Wakacheka, wakapita mstari. La pili akashona gunia lenye mdomo mwembamba ili kichwa kisikae, viazi vikubwa vikawa havipiti, mama zake wadogo wakamrudishia. La tatu vigunia viwili vimeunganishwa, kuli anatupia begani kimoja mbele kimoja nyuma, mgongo unapumzika. Hili lilikuwa zuri kweli, mi mwenyewe nililipenda. Makuli wakalikataa! Wanalipwa kwa gunia, wakauliza hivi ni gunia moja au mawili, tajiri akasema moja, wao wakasema mawili, ugomvi, kazi ikaishia pale.

Binti akarudi kwangu tena analia, kazi imefeli. Nikamwambia andika hivyo hivyo ilivyofeli, ugomvi wote uandike, piga picha kurasa kwa simu, panga, tuma. Akatuma Ujerumani. Kwenye usaili wa video hawakumuuliza umetumia programu gani, walikuwa wanauliza makuli walisema nini, na wewe ungefanyaje ushuru ungekuwa kwa kilo. Alikuwa na majibu kwasababu alikuwepo. Yupo huko sasa hivi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, aa, wazungu wanapenda kuona umaskini wetu ndio maana wakamchukua. Hili swali naulizwa kila ninapokwenda na linanichosha, lakini nalijibu. Huyo binti hakuuza umaskini. Kaonesha mfumo, na nani ananufaika na nani anaumia. Mngempeleka mtoto wa Hamburg achore kituo chao cha mabasi kwa akili ile ile angepata nafasi vile vile. Wanaouza umaskini ni wale wa upande wa pili, wenye kubandika kitenge kwenye kila kitu, kiti kina kitenge, simu ina kitenge, bango lina kitenge na mti wa mbuyu na jua linazama, na ukiuliza kwa nini unaambiwa ni utamaduni. Kikapu cha Iringa sio pambo bwana, ni milulu imesukwa ikabana, kina sababu zake kuanzia kitako mpaka mkono. Kaa na mama anayesuka umuulize. Wamama wa Kikisi pale Ikombe, Ziwa Nyasa, wanafinyanga chungu bila gurudumu, kinapanda mtumbwi kwenda mnadani Matema na hakipasuki ovyo, kwa nini? Unajua? Mi nilikaa nao nikajua, nendeni na nyie.

Na msidhani ni mimi nimebuni. Mwaka 1958 serikali ya India iliwaita mume na mke kutoka Marekani, Charles na Ray Eames, mafundi wa viti wenye jina, wawashauri kuhusu mafunzo ya dizaini. Wakazunguka nchi, wakaandika ripoti, na chombo walichokisifia kuliko vyote humo ni lota. Lota ni chombo cha maji cha kawaida tu, kila kijiji kinacho. Wakahoji kinaingiza maji kiasi gani, uzito unakaa wapi kikijaa na kikiwa tupu, kinabebwaje kichwani, kinabebwaje kiunoni, kinamimina vipi, kinaoshwaje. Kutokana na ripoti ile 1961 kikaanzishwa chuo Ahmedabad, National Institute of Design, ambacho vijana wa nje wanaomba mpaka leo. Sasa nyie mna kisado hapo Mwanjelwa, kinapimia nyanya asubuhi mpaka jioni, kuna aliyewahi kukichora? Hakuna. Mnachora viatu.

Mama pale anauliza kama mtoto hajui kuchora. Mama, kuchora kwa dizaini sio sura ya mtu ifanane. Ni mchoro wa kumwelewesha fundi. Akichora kiti fundi wa Mafinga akakata mbao bila kupiga simu, huyo anajua kuchora, basi.

Jambo la pili, na hili nalo lina uzito ila naona saa, ni kritiki. Huko ukimaliza kazi unaibandika ukutani, darasa zima linasimama, wanaisema. Mwalimu anaitwa jina lake la kwanza, hakuna shikamoo, afu anakuuliza kwa nini umefanya hivi, na yeye anategemea ubishane nae. Sisi tumelelewa mkubwa akisema unainamisha kichwa, ni adabu nzuri na nyumbani ubaki nayo, ila kule ukiinamisha kichwa wanaandika huyu hana hoja. Nimeona vijana wazuri wa kwetu wanapata alama ndogo sio kwa kazi mbovu, kwa kunyamaza. Anzeni sasa hivi, kaeni wanne watano Jumamosi, bandikeni kazi ukutani, semaneni. Marufuku kusema nzuri. Atakayesema nzuri analipa soda.

Haya, mambo ya hela, andikeni, nakwenda mbio.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada shahada ya kwanza, ila jimbo la Baden-Württemberg wanawatoza wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Bure hiyo ina mlango wake, kuna akaunti maalum unaweka hela ya kuishi kabla ya visa, kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, wanakuachia 992 kila mwezi. Na dizaini ya shahada ya kwanza huko nyingi ni kwa Kijerumani, kwahiyo lugha kwanza. Weimar, ndio, ule mji ilipoanzia Bauhaus, ile shule ya dizaini yenye jina, 1919, chuo kipo. Finland ilikuwa bure, tangu 2017 wa nje wanalipa, skolashipu zipo za chuo chenyewe. Uturuki kuna Türkiye Bursları, skolashipu ya serikali yao. DAAD, zile skolashipu za Ujerumani, nyingi ni za shahada ya pili. Uingereza hela ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla ya kuomba visa, kwahiyo mjomba akikukopesha wiki moja picha ipigwe achukue hela yake, haisaidii. Royal College of Art ni ya wenye shahada tayari, usipoteze ada ya maombi. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, vyuo vingi wanataka 6.5, na inaisha baada ya miaka miwili, usiifanye mapema ukaitunza kabatini. Kabla hujaondoka angalia chuo kinatambulika, maana ukirudi TCU, tume ya vyuo vikuu, ndio wanakitathmini cheti. Baridi ya Mbeya mwezi wa saba imeshawasaidia kidogo, wa Dar ndio wanateseka.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye matangazo yao ni vifaa. Karatasi, kadibodi, gundi, kuprinti kubwa kwa ajili ya kritiki, kila wiki. Wazazi, mkipiga hesabu ya ada na chakula ongezeni hapo, mtoto asije akawa anaruka mlo ili aprinti.

La kazi baada ya kurudi nilikuwa nimeliandaa na nusu yake ni ugomvi, ila nimeoneshwa saa mara mbili, tuliache. Maswali. Sio ya IELTS, ya IELTS yameandikwa pale ukutani. Wewe kijana mwenye kofia, simama, na ukisimama uje na karatasi yako.