Pori "lisilotumika": mhadhara uliotolewa Mtwara

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, na vijana mliotoka Newala na Nanyumbu kuja kusikiliza jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema hadi mkalichoka: nimeombwa nizungumzie haja ya kuwa na sheria ya kuyalinda mapori ya umma ili yabaki mapori. Haja hiyo naiunga mkono, lakini sitaanza na tembo wala watalii. Nitaanza na neno moja.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, yaani ile iliyo mikononi mwa serikali kuu na si ya kijiji, inaijumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, haina maneno hayo. Ni sheria pacha, na bado hazikubaliani juu ya kichaka kilicho nyuma ya nyumba yako. Nani basi huamua kwamba kichaka hakitumiki?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa barazani kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, pamoja na mgeni aliyetumwa kuorodhesha matumizi ya ardhi. Shangazi yangu alituletea sinia la ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa. Mgeni alimenya, akachovya kwenye chumvi na pilipili, akasifia, akaomba aongezwe. Kisha, kinywa kikiwa bado kimejaa, alinyoosha kalamu kuelekea kichakani akauliza pale pana nini, na kabla hajajibiwa akaandika kwamba hapatumiki. Shangazi, ambaye kucha zake zilikuwa bado na udongo wa kichaka hichohicho, alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo unayokula unadhani nimeinunua dukani?" Mgeni alicheka sana. Fomu hakuibadilisha, kwa sababu ilikuwa na nafasi ya shamba, ya makazi na ya malisho, lakini haikuwa na nafasi ya mwanamke mwenye muo, ule mti wa kuchimbia, anayechimba kiangazi, akafukia shimo na kuliacha shina lichipue tena mvua zikinyesha.

Najua kuna atakayesema kwamba mimi ni adui wa korosho. Mkorosho umenisomesha, mzee wangu, siwezi kuutukana. Ila kila kichaka kikifyekwa kikawa mikorosho, mwaka ambao bei imeanguka tutachimba nini?

Mwingine atasema sheria za namna hii ni za Wamarekani. Sheria yao ya mwaka 1964 inalieleza pori kuwa mahali ambapo binadamu ni mgeni asiyebaki; sentensi hiyo tukiinakili kama ilivyo, shangazi yangu atageuka mvamizi mahali alipozaliwa. Ninachokitamani kwao ni utaratibu, kwamba eneo likishatangazwa na Bunge kuwa pori, hakuna waziri anayeweza kulimega kwa saini yake, mpaka Bunge lenyewe likae tena. Na ufugaji uliokuwa ukiendelea katika maeneo hayo kabla ya sheria uliruhusiwa kuendelea. Kumbe mchunga ng'ombe alikumbukwa. Mchimba ming'oko ana kosa gani?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya Rondo, ule uwanda wa mkoani Lindi, ambako yuko komba mdogo asiyeishi popote duniani isipokuwa katika misitu ya Tanzania, na juu ya vijiji vya Kilwa vinavyovuna mpingo kutoka misitu yao wenyewe chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, jambo linaloonyesha kwamba kijiji kikipewa msitu hakiumalizi. Hayo yatasubiri.

Rasimu yoyote itakayoletwa mbele yetu, mimi nitaifungua kwanza kwenye sehemu ya tafsiri ya maneno. Nikikuta ardhi ya kijiji "isiyotumika" bado imeandikwa humo, sitasoma ukurasa wa pili, nami nawaomba madiwani mlioketi mstari wa mbele mfanye hivyohivyo, kisha muiulize wizara fomu mpya ina nafasi ngapi.