Dawa za kutuliza kabla ya tiba: mambo ya kumuuliza daktari

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika, najua foleni ya Barabara ya Mandela ilivyo jioni. Nina ombi moja kwenu leo: mkiambiwa mtapewa dawa ya kutuliza, ulizeni nani ataangalia pumzi.

Ganzi huua maumivu ya sehemu moja tu, akili ikiwa timamu. Nusu kaputi humlaza mtu kabisa. Dawa ya kutuliza iko katikati: hofu inapungua, macho yanakuwa mazito, lakini ukiitwa unaitika. Peke yake haitoshi kuua maumivu, kwa hiyo anayeng'olewa jino atachomwa ganzi vilevile.

Mwaka 1844, kule Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta gesi ya naitrasi oksaidi, kisha akang'olewa jino lake mwenyewe. Gesi hiyo, ikichanganywa na oksijeni, inatumika hadi leo. Nyingine ni diazepamu na midazolamu. Aliyepewa midazolamu anaweza kujibu maswali na kufungua mdomo akiambiwa, na baadaye asikumbuke lolote. Kwa mtu mwenye hofu kubwa, hiyo ni rehema. Wapo wanaokaa na jino bovu mpaka shavu linajaa usaha, kwa kuogopa kile kiti tu. Tusiwacheke. Waambieni wamweleze daktari.

Ila msijinunulie vidonge hivi dukani. Dawa hizi hupunguza kasi ya kupumua, na zikikutana na pombe au tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, mwilini, mtu anaweza kuacha kupumua kabisa. Mtajieni daktari kila mlichomeza, na mkikoroma sana usiku, semeni pia. Daktari ameinamia jino. Hawezi kutazama na kifua. Lazima awepo mwingine ambaye kazi yake ni hiyo: kifaa cha kupima oksijeni kimebana kidole, mtungi wa oksijeni uko jirani, na flumazenili ipo tayari ya kuzima nguvu ya midazolamu. Hata hiyo huisha nguvu mapema, mgonjwa akazama tena, kwa hiyo asiruhusiwe haraka. Pasipo na vitu hivyo, mimi ningekataa.

Kuhusu kula: maji matupu mwisho yabaki masaa 2 kabla ya dawa, maziwa ya mama masaa 4, mlo mwepesi masaa 6, chipsi na nyama masaa 8. Bibi zetu wana huruma. Mtoto akilia njaa pale kwenye benchi, anapenyezewa andazi. Andazi hilo likitapikwa akiwa amesinzia, linaweza kuingia mapafuni.

Na kurudi nyumbani, bodaboda hapana. Mtu mzima asindikizwe, na asiendeshe chombo chochote hadi kesho yake. Mtoto aliyelala ndani ya bajaji msimwache kidevu kikaangukia kifuani, maana njia ya hewa inajikunja. Mshikeni kichwa kiwe wima, na muwe mnamwita jina njia nzima.