Bismarck Kabla ya Berlin: Bwana Matuta wa Mto Elbe

REHEMA: Karibuni tena. Mniwie radhi na sauti hii, tangu Jumanne nachota maji sebuleni.

MASANJA: Pole, dada. Ile video uliyotuma, nilidhani kochi ni mtumbwi.

REHEMA: Cheka tu. Mtaro umeziba, tumeripoti mpaka tumechoka, kila ofisi inasema unahusu ofisi nyingine. Basi nikakaa juu ya meza, nikamsoma Bismarck.

MASANJA: Ana jiwe lenye jina lake kwetu Mwanza, ziwani.

REHEMA: Hata dakika haijaisha! Wasikilizaji, mhesabieni anavyoitaja Mwanza. Sisi tunamjua Bismarck wa Mkutano wa Berlin, ule wa Wazungu kugawana Afrika: kansela wa Ujerumani, mzee wa masharubu. Mimi namtaka wa 1846, kijana wa miaka 31. Mwinyi wa ukoo, lakini kazi ya serikali kule Aachen ilimshinda: likizo iliisha, yeye yuko njiani anamfuata binti wa Kiingereza. Akaenda kulima Pomerania, akanywa na kukimbiza farasi mpaka majirani wakamwita Bismarck mwehu. Baba yake alipofariki 1845, akahamia Schönhausen, kando ya Elbe. Ndipo akapata usimamizi wa matuta ya mto, yale ya kuzuia mafuriko.

MASANJA: Tuta nalo lina mkubwa wake?

REHEMA: Likipasuka, mashamba na vijiji vinakwenda na maji. Wenye ardhi ndio wanaotakiwa kulitunza, na msimamizi ndiye anayewakaba. Kipindi kibaya ni baridi inapoisha: barafu inakatika, mapande yanapandana, mto unaziba. Mwanzoni mwa 1847 anamwandikia mchumba wake Johanna, barua ya mapenzi, imejaa barafu ya Elbe!

MASANJA: Na bado alikubali kuolewa.

REHEMA: Julai mwaka huohuo. Ila ninachokipenda ni hiki: nyumba ya Bismarck ilikuwa nyuma ya tuta hilohilo. Mpe cheo mtu atakayelowa.

MASANJA: Hapo sikubali. Alikuwa analinda shamba lake. Na mkulima asiye na jina la ukoo angekipata kile kiti?

REHEMA: Asingekipata. Lakini tuta halichagui, likisimama linamkinga na huyo mkulima.

MASANJA: Na anayekaa ng'ambo, maji yakisukumwa kwake? Halafu 1847 hiyohiyo yuko bungeni Berlin, kaingia kama mbadala wa mjumbe aliyeugua. Tuta lilikuwa ngazi.

REHEMA: Ngazi sawa, lakini alipanda akiwa anafanya kazi. Mtaro wangu hauna hata mtu wa kupanda.

MASANJA: Una hasira za maji, dada.

REHEMA: Ninazo. Na hujanijibu.

MASANJA: Nimekujibu, hujapenda jibu. Mwenye shamba kubwa ataanza na kipande cha tuta kilicho mbele yake.

REHEMA: Haya, tubaki hapohapo. Sema la jiwe lako, naona linakuwasha.

MASANJA: Ahsante! Mtu hakuwahi kukanyaga Afrika. Mkutano wa Berlin umefungwa Februari 26, 1885, kesho yake kampuni ya Carl Peters, Mjerumani aliyekusanya mikataba ya ardhi huku kwetu, ina hati ya ulinzi ya Kaisari. Sisi tukabaki na jiwe. Ukifika karibu na kivuko cha Kamanga unaliona, lile la juu limekaa kimtego, unasema leo linateleza. Vijana wa kamera wanakuita, “Bosi, moja ya Bismarck!” Hakuna anayeuliza ni nani.

REHEMA: Wewe ulipiga ngapi?

MASANJA: Ya kipaimara, ya mahafali, na ya mchumba.

REHEMA: Mchumba ulimwambia nini kuhusu Bismarck?

MASANJA: Kwamba alikuwa baharia.

REHEMA: Baharia! Masanja!

MASANJA: Nilikuwa na miaka ishirini, bwana. Alikubali.

REHEMA: Fundi ananionyesha mkono, dakika moja. Nilikuwa na mafunzo matatu hapa, nimeyaandika kabisa.

MASANJA: Soma moja.

REHEMA: La kwanza lina vipengele vinne.

MASANJA: Basi achana nayo. Wiki ijayo?

REHEMA: Wiki ijayo tuna mgeni, na hatoki Mwanza.