Kwa ndugu wa chukudu wa Ndosho: mkono ukilia "pa!", usikandwe

Jambo sana wandugu wa Goma, wa Birere, wa Majengo, wa Katindo, na wewe mama unayeniangalia kwenye simu ya jirani. Muko aje? Mimi niko hapa Liège, Ubelgiji, na kama hamjaniona miezi mitano, sababu ni mkono huu. Ngoja nisogee kwenye mwanga. Munaona hili kovu, hapa chini kidogo ya kiwiko? Ndiyo habari ya leo.

Juzi Jumatano niliingiziwa ujumbe wa sauti na ndugu mmoja wa Ndosho, huko Goma, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Anasema Jumapili alikuwa anashuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, chukudu ikamponyoka, akaing'ang'ania kwa mkono mmoja, na kiwikoni kukalia "pa!". Sasa maumivu yamepungua, anauliza kama akandwe tu na maji ya moto. Nilisikiliza ule ujumbe mara tatu, nimesimama jikoni. Maana wangu ulilia hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa depo. Tulikuwa wawili tunashusha mashine ya kufulia nguo kutoka kwenye lori, mwenzangu juu, mimi chini, viwiko vimekunjwa. Akateleza. Uzito wote ukanijia kwa mara moja, mkono ukanyooshwa kwa nguvu huku mimi bado navuta kuukunja. Hapo ndipo kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, hukatika, pale mzigo unapokushinda nawe hutaki kuuachilia. Nilisikia kitu kama kamba kavu inakatika ndani ya nyama. Uchungu mkali sana. Halafu, baada ya saa moja hivi, ukatulia. Nikamaliza zamu yangu.

Kule kutulia kulinidanganya siku nne nzima. Damu ilivilia chini ya ngozi, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja, nyeusi, kisha ikageuka kijani. Msuli wa mbele ukapanda kuelekea bega, ukajikusanya kama ngumi. Binamu yangu akasema ni mushipa umekaa vibaya, nikandwe. Nikakandwa, maji ya moto na mafuta, na usiku ule sikulala. Jeraha bichi linalovuja damu ndani halitaki moto wala kukandwa, linataka kitambaa baridi na kutulia. Kesho yake mama mmoja wa kanisani, kazi yake kuhudumia wagonjwa, alinipa kikombe cha chai, nikashindwa kugeuza kiganja nikipokee. Akaweka kikombe mezani. "Mwanangu, hii si ya kukanda. Vaa koti twende."

Munganga wa hospitali aliniambia nikunje kiwiko, kiganja kiangalie juu. Akapitisha kidole kama ndoana kwenye mkunjo wa kiwiko, kutokea upande wa nje. Fanyeni nami sasa, kwa mkono mzima. Mumesikia kamba ngumu, kidole kinaikamata? Ile ndiyo kano, inayofunga msuli kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba. Kwangu kidole hakikukamata chochote. Kilipita kwenye nyama laini tupu, na nilimwona munganga anarudia, taratibu, kabla ya kuniangalia usoni.

Alinieleza kwamba kano iliyokatika kabisa pale kiwikoni haijiungi yenyewe. Msuli unaivuta juu, na kila wiki inayopita inajikunja, inagandamana na nyama ya huko. Wanapenda kuirudisha ndani ya wiki mbili au tatu. Ukichelewa miezi, pengine wachukue kano ya sehemu nyingine kuunganishia, na operesheni inakuwa ngumu zaidi. Ukiiacha kabisa, mkono bado utakunjika, kwa sababu kuna msuli mwingine chini yake unaosaidia, lakini nguvu ya kugeuza kiganja hupungua kwa karibu asilimia 40. Mtu anayeishi kwa mikono yake, hiyo ni sehemu kubwa ya chakula chake. (Ikikatikia juu, begani, ni habari tofauti, wengi hawapasuliwi.) Mimi nilipasuliwa siku ya 11. Walitoboa mfupa, wakaifunga kano kwa kifungo cha chuma, kidogo kuliko cha shati.

Kuhusu kazi nitasema kwa ufupi, kwa wale wenye watoto huku. Msimamizi wangu alitaka tungoje tuone. Hapana. Ubelgiji mwajiri ana siku 8 kutangaza ajali kwa asiransi (bima), na akikataa, wewe mwenyewe unaweza kutangaza. Ukikubaliwa na huwezi kufanya kazi kabisa, wanakulipa asilimia 90 ya mshahara unaohesabiwa, na matibabu juu yao. Mimi siku ileile ya hospitali nilimwandikia ujumbe wenye tarehe na saa. Ule ujumbe ndio uliolisha nyumba yangu.

Kupona kulikuwa kwa taratibu. Wiki za kwanza mkono umefungwa, kisha kifaa chenye bawaba kinachofunguliwa kidogo kidogo, kila juma mkono unanyooka zaidi. Wiki sita hakuna kubeba, hata sufuria. Vyuma vyepesi nilianza baada ya mwezi wa tatu. Lakini kilichoniliza ni bugali, ugali wetu. Kuusonga ni kugeuza mwiko, na mwiko unageuzwa kwa kano hiyohiyo. Mke wangu alikuwa anashika mwiko pamoja nami, mkono wake juu ya wangu, unga unatokota, na sikuweza kumaliza hata mzunguko mmoja. Jumamosi iliyopita niliusonga peke yangu, wa watu wanne, ukakauka vizuri. Watoto walikula bila kujua.

Sasa mdogo wangu wa Ndosho. Mkono ulilia Jumapili, leo Ijumaa. Siku zako bado zipo, lakini zinahesabika. Usimpe mtu yeyote aukande. Usiuvute. Usiguse chukudu, hata kama magunia ni ya mwingine na anakudai. Goma tuna HEAL Africa, ilianzishwa na munganga Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mke wake Lyn; anzia pale uulizie upande wa mifupa. Waambie maneno haya: ulilia "pa", na kama msuli umepanda au kiganja hakina nguvu ya kugeuka, sema pia. Na kwenye nauli na kipimo cha kwanza nitasaidia, nitumie namba yako kwenye ujumbe, si hapa mbele ya watu.

Kunja kiwiko, ufunge mkono shingoni kwa kitenge, panda moto, pikipiki ya abiria, kesho asubuhi. Ukifika nipigie, hata kama huku ni usiku.