Biskuti za Oti: Kingo Kavu, Katikati Laini

Habari zenu jamani, karibuni tena jikoni kwangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Leo tunazirekebisha biskuti za oti. Zile zinazomwagika kwenye trei zikawa nyembamba kama chapati, kingo zimeungua, na kesho yake ukiuma utadhani kigae. Tunataka ukingo ukauke, katikati ibaki laini ya kutafunika.

Unga kikombe kimoja na vijiko viwili vikubwa juu yake. Bekingi soda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu, mdalasini kimoja. Changanya, hilo mnalijua. Ila vile vijiko viwili vya nyongeza msiviache. Mapishi mengi ya biskuti hizi yametoka kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Sisi hapa Ziwa Viktoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu, hewa ni nyepesi, maji hukauka upesi na donge hutanuka kabla halijashikana. Kwa hiyo unga unaongezeka kidogo, sukari inapungua kidogo. Ninyi wa Kabale mko juu zaidi, jaribuni na kijiko cha tatu.

Sasa sukari, na hapa ndipo penye siri. Sukari nyeupe ikiyeyuka kisha ikapoa inakuwa ngumu, inakupa biskuti ya kuvunjika. Mimi natumia sukari guru, hii ya viwanda vidogo vya miwa hapa Busoga. Ina molasi, ile asali nyeusi ya miwa, na molasi hushika unyevu. Ikwaruze kwa kikwaruzio cha karoti upate robo tatu ya kikombe, halafu nyeupe kijazo kidogo tu, vijiko vitatu. Harufu yake! Kwa kweli siwezi kurudi nyuma.

Siagi nusu kikombe, iyeyushe. Siagi, si majarini laini ya kupaka mkate, ile ina maji mengi. Iache ipoe mpaka kidole kikae ndani bila kushtuka. Mwanangu, futa kioo cha simu, mvuke umekifunika. Haya. Tia guru, koroga, kisha yai moja zima na kiini cha yai la pili. Ute wa pili usiutie, unakausha. Vanila kidogo, mimi yangu ni ya Mukono.

Oti kikombe kimoja na nusu, zile bapa nzima nzima. Zile za kuiva haraka zimekatwa ndogo, zinakunywa maji yote na biskuti inakuwa kama uji uliokauka. Mimi huzikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu dakika tano, na badala ya zabibu naweka karanga za kukaanga. Changanya na unga, acha mara tu usipouona tena unga mkavu.

Funika, uache kwenye friji dakika 45. Oti lazima zinywe. Umeme ukiwa umekatika, weka bakuli ndani ya beseni la maji baridi.

Oveni digrii 180. Anza na biskuti moja ya majaribio... Ngojeni. Sogeza simu hapa, mwanangu. Mnaona inavyokimbia? Dakika tatu tu imeshakuwa sahani. Donge bado lina joto, jikoni kwangu kuna joto leo. Nalirudisha kwenye maji baridi dakika 20 nyingine. Ndiyo maana huwa naoka moja kwanza, nisipoteze trei nzima.

Tumerudi. Donge limeshikana, kijiko kinasimama. Chota ukubwa wa ndimu, achanisha vidole vitatu, usizibonyeze.

Sasa nisikilizeni vizuri. Zitoe dakika ya kumi, kingo zikiwa za kahawia na katikati ikionekana mbichi. Narudia, katikati ionekane mbichi. Moyo utakwambia ongeza dakika mbili. Usiongeze! Trei ya moto inaendelea kuoka hata nje ya oveni. Niliwahi kuongeza hizo dakika mbili kwa biskuti za harusi, trei tatu, asubuhi zote zilikuwa mawe na nikaoka upya usiku kucha. Wa sigiri, jiko la makaa, mwenye sufuria ya mchanga na makaa juu ya kifuniko, usihesabu dakika, tazama ukingo. Ukingo ukishika rangi, toa.

Dakika kumi... natoa. Bonyeza katikati, kidole kinaingia. Vizuri. Msiziguse dakika tano, zitavunjika zikiwa moto.

Haya, nakata hii. Angalieni ndani, inavutika. Zikipoa kabisa, zitie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na kipande cha mkate, zitakaa laini siku tatu, nne. Mimi moja naila sasa hivi na chai ya tangawizi.