Afyuni na Sheria za Kumzuia Mchina Marekani

Vita vya Afyuni, vya Uingereza na China, mnavijua, kwa hiyo Lin Zexu, yule ofisa wa China, na makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni aliyoyaangamiza Humen mwaka 1839 sitayarudia. Ugomvi wangu ni na Novemba 1880, na jinsi Marekani ilivyoigeuza sheria ya afyuni kuwa silaha dhidi ya Mchina.

Mwezi huo, mjini Beijing, Marekani ilitia saini mikataba miwili na China. Wa kwanza uliiruhusu kupunguza au kusimamisha uingiaji wa vibarua wa Kichina. Ndio uliozaa sheria ya kuwazuia ya Mei 1882. Wa pili ulikuwa wa biashara, na wengi huuruka. Humo, Mchina asiingize afyuni Marekani, Mmarekani naye asiingize China. Sawa kwa sawa, sivyo? Ngojeni. Sheria ya kuutekeleza ilitungwa 1887. Chukueni mkebe wa afyuni ya kuvuta kutoka Hong Kong, wa tael tano (kipimo cha uzito cha Kichina), kama gramu 190. Ukishushwa San Francisco kwa jina la Mchina, forodha inautaifisha na mwenyewe anashtakiwa. Mkebe wa pili, meli ile ile, kwa jina la Mmarekani: analipa ushuru, dola 10 kwa ratili, anakwenda zake. Mwaka 1890 wakaongeza kwamba kutengeneza afyuni ya kuvuta ndani ya nchi ni ruhusa kwa raia tu. Haya, Mchina awe raia kwa njia gani, na ile sheria ya 1882 imezikataza mahakama kumpa uraia?

Kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini Wachina si walivuta kweli?" Walivuta, baadhi yao. Na Wamarekani weupe walikunywa afyuni iliyoyeyushwa katika pombe, wakawapa hata watoto wachanga walale. San Francisco ilipopiga marufuku vijiwe vya kuvutia afyuni mwaka 1875, maduka ya dawa yaliyouza hiyo ya kunywa hayakuguswa. Afya gani hiyo iliyokuwa ikilindwa? Na Canton, bandari ya China, nani aliyeipeleka afyuni? Waingereza kutoka Bengal, India, na wafanyabiashara wa Boston, Marekani, walioinunua Izmir, Uturuki.

Afyuni ya kuvuta ilikuja kukatazwa kwa kila mtu mwaka 1909. Vibarua wa Kichina walikuwa nje ya mlango tangu miaka 27 nyuma.

Kanada naipitia mbio. Ghasia za Vancouver 1907, dhidi ya Waasia. Mackenzie King, ofisa wa serikali, anatumwa kukadiria fidia ya walioharibiwa mali, anakuta humo madai ya watengenezaji wa afyuni. 1908 afyuni inapigwa marufuku. 1922 mgeni akitiwa hatiani anaweza kufukuzwa nchini. 1923 Wachina wanafungiwa mlango wa kuingia nchini.