Kumnasa kitwitwi na kumvisha pete: kazi ya usiku wa bamvua, Lindi

Karibu mtazamaji. Tupo kwenye majaruba ya chumvi, kando ya ghuba ya Lindi. Zile taa unazoziona ng'ambo ni za Kitunda. Leo nakuonesha jinsi tunavyowanasa ndege wa pwani kama kitwitwi, kuwavisha pete zenye namba na kuwaachia waende zao.

La kwanza ni kibali. Wanyamapori wanalindwa na Sheria Na. 5 ya 2009, na utafiti wa namna hii hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Huna kibali, usitundike wavu. Ukitaka kujifunza, ambatana na mwenye kibali: beba fito, andika daftari, shika tochi, mpaka mkono wako uzoee. Halafu muage mwenye shamba la chumvi, maana kingo hizi ni jasho la watu na zikikanyagwa ovyo zinabomoka.

Sasa tusome maji. Kitwitwi anakula kwenye tope maji yakiwa yametoka. Yakijaa, tope linafunikwa, naye hutafuta pakavu pa kupumzika. Wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, hubaki sehemu isiyofunikwa huko huko pwani, kwa hiyo hutamwona hapa. Bamvua, yaani maji yanapojaa sana, ndilo linalomsukuma aingie majarubani. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, lakini mbalamwezi humwonesha ndege wavu. Kwa hiyo sisi tunachagua siku za mwandamo: maji makubwa na giza kwa pamoja.

Na pwani yetu ina neema moja. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi jioni, kisha tena kama saa kumi alfajiri. Njoo jioni, kaa mbali, tazama ndege wanatua jaruba lipi. Maji yakianza kutoka wakarudi topeni, ingia utundike nyavu palepale walipokuwa. Fungua nyavu baada ya saa saba usiku.

Sogeza kamera hapa. Wavu huu ni wa uzi mweusi mwembamba, una urefu wa mita 12. Kamba hizi za mlalo zinaugawa, na kati ya kamba na kamba uzi unalegea ukafanya mfuko. Ndege anaugonga, anatumbukia mfukoni, anabaki humo. Sasa bonyeza mfuko wa chini kwa kiganja, kwa nguvu. Umeona ulivyoshuka? Ndege wawili watatu wakiangukia humo utashuka hivyo hivyo, na maji ya jaruba yakiwa chini yake, watazama. Pandisha mpaka ukiubonyeza bado ubaki juu ya maji kwa kimo cha goti. Hili nalikagua mwenyewe kila fito, hata kama kijana aliyefunga namwamini.

Upepo ukivuma, funga nyavu. Mvua ikianza, funga. Mkizidiwa na ndege kuliko mikono iliyopo, funga vilevile. Pita kwenye nyavu kila baada ya dakika kumi hivi, tochi ikiwa imeelekezwa chini.

Kumtoa ndege ndiko kunakotaka utulivu. Kwanza tafuta upande alioingilia, kwa sababu atatokea huko huko. Anza na miguu: vua uzi kwenye vidole, kimoja kimoja. Kisha tumbo, kisha bawa hili, kisha lile, kichwa mwisho. Uzi ukimkaba, kata kwa mkasi. Wavu unashonwa.

Mshike hivi. Mgongo uko kiganjani, shingo imepita kati ya kidole cha shahada na cha kati, vidole vingine vimezunguka mwili bila kubana. Ndege hana kiwambo kama chetu cha kuvutia pumzi. Anapumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukimbana kifua umemnyonga. Na ndege hawa wa miguu mirefu usiwaweke kwenye mfuko wa nguo wakajikunja humo, miguu inaweza kupooza. Sisi tunatumia boksi lenye kitambaa chini, ndani giza, wamesimama. Sululu, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda, ndiye dhaifu kuliko wote kwa hili. Akinaswa, anahudumiwa wa kwanza.

Pete inatangulia vipimo vyote. Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza mwaka 1899 na pete za aluminiamu zenye namba na anwani, na mpango wake ndio tunaoufuata hadi leo. Kwa ndege wa chumvini lakini tunatumia chuma kisichoshika kutu, maana aluminiamu inaliwa na bahari. Soma namba kwa sauti, mwandishi airudie. Ipitishe juu ya goti, bana kwa koleo taratibu hadi ncha zikutane bila mwanya. Sasa izungushe. Inazunguka? Inapanda na kushuka? Basi imekaa sawa.

Bawa pima kwa rula, halafu mweke kwenye mizani. Kisha puliza manyoya kwenye shimo hili chini ya koo. Unaona hiyo rangi ya manjano chini ya ngozi? Ni mafuta. Huyu ni kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, anayezaliana Siberia, karibu na ncha ya kaskazini. Kuanzia Machi na Aprili shimo hilo linajaa mafuta mpaka linavimba, na hayo ndiyo chakula chake cha njiani. Tope la Lindi ndilo linalomfikisha. Ndiyo maana moyo wangu unauma nikiona mikoko inakatwa na taka zinamwagwa pwani.

Kumwachia, usimrushe. Zima tochi, mweke chini pakavu mbali na nyavu, macho yake yazoee giza. Ataondoka mwenyewe.

Nawe mtazamaji uliye mvuvi au mkazi wa pwani, ukikuta ndege aliyekufa ana pete, usiitupe. Andika namba na maandishi yote, siku na mahali, ipige picha, ipeleke ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Akiwa hai, soma namba bila kuivua pete, kisha mwachie.